Nyama Isiyo Nyama, Kahawa Isiyo Kahawa: Vyakula Mbadala vya Afya na Waliovicheka, 1825–1975

Chakula mbadala, yaani chakula kinachotengenezwa ili kishike nafasi ya kingine na mara nyingi kuiga sura na ladha yake, kimezaliwa katika historia kwa sababu kuu tatu: mfungo wa dini, uhaba wa kitu chenyewe na hofu ya maradhi. Sababu mbili za kwanza ni kongwe na hazikuzua kicheko kikubwa, kwa kuwa mfungaji anajua siku atakayofungua, na maskini hajigambi kwamba ukosefu wake ni hekima. Sababu ya tatu, iliyostawi Uingereza na Marekani tangu robo ya pili ya karne ya 19, ndiyo iliyowavuta wachora vibonzo, wahariri wa magazeti na waandishi wa tashtiti, yaani maandishi yanayofichua upumbavu kwa kuucheka, kwa sababu iliingia mezani ikiwa na mahubiri: ilimtaka mlaji aache anachokipenda, ale asichokipenda, kisha akiri mbele ya watu kwamba hajaona tofauti. Historia ya mabishano hayo inaonyesha kwamba waliocheka walikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa kuhusu madai na biashara, na walikosea zaidi ya mara moja kuhusu chakula chenyewe.

Kuiga nyama kwa mimea kulikuwa sanaa ya heshima karne nyingi kabla ya hapo. Nchini China, ambako Mfalme Wu wa nasaba ya Liang, aliyetawala kuanzia 502 hadi 549, aliwakataza watawa wa Kibudha kula nyama, jikoni za mahekalu zilikuza ustadi wa kutengeneza samaki na bata wa bandia kwa tofu, ambayo ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, na kwa gluteni, yaani utomvu unaonata unaobaki pale donge la unga wa ngano linapooshwa kwa maji hadi wanga wote utoke. Katika Ulaya ya Zama za Kati, Wakristo waliokatazwa nyama, maziwa na mayai wakati wa Kwaresima walikamua maziwa ya lozi, na wapishi wa matajiri walijaza rojo la lozi ndani ya maganda matupu ya mayai, wakatia rangi ya njano katikati ili mgeni akute kiini. Huo ulikuwa mchezo wa mezani uliofahamika kwa pande zote mbili, na aliyelipika yai hilo la lozi hakudai kwamba yai la kuku lingemharibia mlaji damu.

Mbadala uliotokana na bei nao ulipata kicheko cha upole tu. Katika karne ya 18 Waingereza wenye fedha walipenda supu ya kasa, ambao waliletwa kwa meli wakiwa hai kutoka visiwa vya Karibi, na wale ambao mifuko yao haikufika huko walifundishwa na vitabu vya mapishi kutumia kichwa cha ndama, ambacho ngozi yake laini inapochemka hufanana na nyama ya kasa. Lewis Carroll, katika kitabu chake cha mwaka 1865 kilichokuja kutafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, alimgeuza kasa huyo wa bandia kuwa kiumbe kamili mwenye majonzi, na mchoraji John Tenniel akampa gamba la kasa pamoja na kichwa, mkia na miguu ya nyuma ya ndama. Utani huo haukumdhuru mtu, kwa kuwa hakuna daktari wala mhubiri aliyekuwa amewaahidi wanywaji wa supu hiyo maisha marefu.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1825, pale James Morison, mfanyabiashara Mskoti asiyekuwa na shahada yoyote ya udaktari, alipoanza kuuza vidonge alivyovinadi kuwa dawa ya mboga inayotibu kila ugonjwa. Nadharia yake ilikuwa nyepesi, kwamba maradhi yote hutokana na uchafu katika damu na kwamba uchafu huo huondolewa kwa kuharisha, na kwa sababu vidonge vilitokana na mimea, mteja aliambiwa kwamba anaweza kumeza vingi kadiri apendavyo bila kudhurika. Mimea yenyewe, ikiwemo shubiri, ilikuwa ya kuharisha kwa nguvu, na mwaka 1836 wakala mmoja wa vidonge hivyo alitiwa hatiani London kutokana na kifo cha mteja aliyevitumia. Wachora vibonzo walikuwa wametoa hukumu yao mapema zaidi: mwaka 1831 Charles Jameson Grant alichapisha mchoro wa muuza mboga aliyemeza vidonge hivyo akaanza kuota mboga mwilini. Mchoro huo uligusa kosa la kimantiki ambalo matangazo ya vyakula vya afya yangelirudia kwa vizazi vingi, yaani kudhani kwamba kitu kikitoka shambani basi hakina madhara, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuonja shubiri angeweza kulikanusha.

Upande wa pili wa Atlantiki, dhihaka ilimpata mtu wa namna tofauti. Sylvester Graham, aliyezaliwa Connecticut mwaka 1794, alikuwa mhubiri wa Kipresbiteri aliyeanza kwa kupiga vita pombe mjini Philadelphia, mji ambao tangu mwaka 1817 ulikuwa na kanisa dogo la Wakristo wasiokula nyama waliohamia kutoka Salford nchini Uingereza chini ya uongozi wa William Metcalfe. Graham aliipanua vita hiyo kutoka kwenye pombe hadi kwenye nyama, chai, kahawa, pilipili, haradali na siki, akifundisha kwamba vyote hivyo huchochea mwili na kuamsha tamaa, na badala yake alihimiza maji baridi, godoro gumu, madirisha wazi na mkate wa ngano isiyokobolewa, wenye pumba zake zote. Msomaji wa Afrika Mashariki anayeijua tofauti ya sembe na dona atatambua mara moja kiini cha ugomvi, kwa kuwa unga mweupe ulikuwa alama ya ustaarabu na unga wenye pumba ulikuwa chakula cha mnyama na cha maskini. Kipindupindu kilipoingia New York mwaka 1832, na madaktari wengi wakiwaonya watu wajiepushe na matunda na mboga mbichi, Graham alisimama majukwaani akashauri kinyume chake, na kumbi zikajaa.

Umaarufu huo uliwaudhi watu waliokuwa na sababu za kimfukoni za kuudhika. Katika kitabu chake kuhusu mkate na uokaji, kilichotoka mwaka 1837, Graham aliwashutumu waoka mikate wa mijini kwamba wanachakachua unga, na akasema kwamba mkate wa kweli huokwa nyumbani na mke au mama. Mwaka huohuo, alipokuwa Boston, waoka mikate na wauza nyama walikusanyika kuuvuruga mhadhara wake, na wafuasi wake, ambao kwa mafundisho yao walipaswa kuwa watu watulivu wasiochochewa na nyama, waliwamwagia chokaa kutoka orofa ya juu. Magazeti yaliufurahia mkasa huo, kama yalivyozifurahia nyumba za kupanga zilizoanzishwa Boston na New York kwa ajili ya wafuasi wa Graham, ambamo wapangaji waliamshwa alfajiri kwa maji baridi na kukaa mezani bila chumvi ya maana wala pilipili. Chuo cha Oberlin katika jimbo la Ohio, kilichojaribu kuwalisha wanafunzi wake kwa kanuni hizo, kiliziacha mwaka 1841 baada ya malalamiko. Graham alipofariki mwaka 1851 akiwa na umri wa miaka 57, wapinzani wake hawakusita kutaja umri huo, ingawa hoja ya namna hiyo ni dhaifu, kwa kuwa wala nyama wengi wa zama zake walizikwa mapema zaidi bila ya mtu yeyote kuilaumu nyama.

Tashtiti yenye uzito zaidi ya enzi hiyo iliandikwa na mtu aliyekula chakula chenyewe. Mwezi Juni mwaka 1843 mwanafalsafa Amos Bronson Alcott na rafiki yake Mwingereza Charles Lane walianzisha makazi ya pamoja yaliyoitwa Fruitlands katika kijiji cha Harvard, Massachusetts, ambako wakazi walikusudia kutotumia kitu chochote kilichotoka kwa mnyama wala kilichozalishwa na mtumwa. Hapakuwa na nyama, maziwa, mayai, chai, kahawa wala sukari. Pamba ilikataliwa kwa kuwa ilivunwa na watumwa, sufu ikakataliwa kwa kuwa ni mali ya kondoo, na samadi ikachukiwa kwa kuwa ni uchafu unaoulazimisha udongo. Walivaa kitani, walikula mkate usiokobolewa na matunda, na kufikia Januari 1844, baridi ilipozidi na ghala kuwa tupu, makazi yalivunjika. Louisa May Alcott, binti wa mwanafalsafa huyo, alikuwa na umri wa miaka 10 wakati huo, na mwaka 1873, akiwa mwandishi mashuhuri, alichapisha simulizi fupi iliyoitwa *Transcendental Wild Oats*, ambamo wanaume wanasafiri kwenda kuhutubia kuhusu maisha mapya huku mama wa nyumba akibaki na watoto wakiokoa mavuno yasinyeshewe. Kicheko chake kilikuwa na shabaha ambayo wachora vibonzo wa kiume hawakuiona, yaani kwamba chakula cha asili kinahitaji kazi nyingi kuliko chakula cha kawaida, na kwamba kazi hiyo haikufanywa na waliokihubiri.

Kutoka kwa Graham historia inaelekea kwenye viwanda. Daktari James Caleb Jackson, aliyeendesha nyumba ya tiba kwa maji huko Dansville, jimbo la New York, alitengeneza mwaka 1863 chakula alichokiita Granula, ambacho kilikuwa unga wa Graham uliokandwa, ukaokwa, ukavunjwavunjwa, ukaokwa tena na kuvunjwa kwa mara ya pili, hadi ukawa mgumu kiasi kwamba ulipaswa kulowekwa usiku kucha kabla ya kuliwa asubuhi. Mwaka huohuo Ellen White, mwanzilishi mwenza wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alisema kwamba ameoneshwa katika maono wajibu wa muumini kuulinda mwili wake kwa chakula chepesi, na mwaka 1866 kanisa lake lilifungua taasisi ya afya huko Battle Creek, Michigan. Tawi hili la historia ndilo lililofika Afrika Mashariki, kwa kuwa wamisionari wa kanisa hilo waliingia katika milima ya Upare mwaka 1903 na Gendia, karibu na Kendu Bay kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, mwaka 1906, na waumini wao, wanaojulikana kwa Kiswahili kama Wasabato, hadi leo hutambulikana kwa kujiepusha na nyama ya nguruwe, pombe na tumbaku, na wengi wao pia na kahawa.

Mwaka 1876 uongozi wa taasisi ya Battle Creek ulikabidhiwa kwa daktari kijana, John Harvey Kellogg, ambaye aliigeuza kuwa sanatoriamu, yaani nyumba kubwa ya matibabu na mapumziko, iliyochanganya hospitali, hoteli na kanisa. Kellogg alikuwa mpasuaji stadi na alikuwa na akili ya uvumbuzi isiyotulia, lakini alikabiliwa na tatizo ambalo Graham hakulitatua: wagonjwa wake walikuwa matajiri, na tajiri akilipishwa fedha nyingi ili anyimwe nyama anataka walau kuona kitu mezani. Suluhisho lake lilikuwa kutengeneza kila kilichokatazwa upya kwa mimea. Badala ya kahawa kulikuwa na nafaka zilizochomwa hadi kuwa nyeusi. Badala ya siagi kulikuwa na siagi ya karanga. Badala ya nyama kulikuwa na Nuttose, mkate mzito wa karanga uliopikwa kwa mvuke ndani ya kopo, na baada yake Protose, mchanganyiko wa gluteni ya ngano na karanga uliokatwa vipande, ukakaangwa na kumiminiwa mchuzi kana kwamba umetoka buchani. Mkewe, Ella Eaton Kellogg, aliendesha jiko la majaribio na kuandika kitabu cha mapishi kilichotoka mwaka 1892, na bila jiko hilo mafundisho ya mumewe yangebaki kuwa orodha ya makatazo. Kellogg aliwahi pia kuuza nafaka iliyookwa kwa jina la Granula, hadi Jackson alipolalamika na yeye akalazimika kubadili herufi moja, ikawa Granola.

Hapa ndipo palipo mzaha mkubwa wa historia hii, ambao waandishi wa tashtiti waliurithi bila kuubuni. Ikiwa nyama ni sumu, kama Kellogg alivyofundisha, haieleweki kwa nini mponyaji ajitese kutengeneza kitu kinachofanana nayo, na ikiwa kahawa inaharibu neva, haieleweki kwa nini kikombe cha asubuhi kibaki cheusi, chungu na cha moto. Chakula mbadala cha afya kilibeba ndani yake sifa ya kile kilicholaaniwa, na kila kipande cha Protose kilichokaangwa kilikuwa ushahidi kwamba mlaji alikuwa bado anaitamani nyama. Watawa wa China hawakuwa na mgongano huo, kwa kuwa walikataa nyama kwa ajili ya uhai wa mnyama, bila kusema kwamba ina ladha mbaya.

Mwaka 1891 alilazwa Battle Creek mgonjwa aliyeitwa Charles William Post, ambaye hakupona kwa tiba ya Kellogg lakini aliangalia kwa makini kilichokuwa kikiendelea jikoni. Mwaka 1895, katika mji huohuo, alianza kuuza Postum, kinywaji cha ngano, pumba na molasi zilizochomwa, na mwaka 1897 akatoa Grape-Nuts, punje ngumu za ngano na shayiri ambazo, licha ya jina lake, hazikuwa na zabibu wala kokwa. Waswahili husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Post alitembeza bidhaa zake kwa matangazo ya magazeti ambayo Marekani haikuwa imeyaona kwa wingi huo. Mbinu yake ilikuwa kuunda ugonjwa kwanza na kuuza dawa baadaye: kahawa ililaumiwa kwa kukosa usingizi, kwa moyo kwenda mbio, kwa hasira za nyumbani na kwa kushindwa kazini, huku Grape-Nuts ikinadiwa kama chakula cha ubongo. Jarida la *Collier's* lilipoyashambulia madai kwamba nafaka hiyo inaweza kumwepusha mtu na ugonjwa wa kidole tumbo, Post alilijibu kwa matangazo ya matusi, likamshtaki kwa kashfa, na mwaka 1910 baraza la mahakama likamwamuru alipe dola 50,000, ingawa hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufaa. Mapema zaidi, mwaka 1904, alitoa nafaka aliyoipa jina la mana ya nabii Eliya, na baada ya makasisi kukasirika na Uingereza kukataa kulisajili jina hilo, aliibadilisha mwaka 1908 ikawa Post Toasties.

Familia ya Kellogg nayo iligawanyika kwa sababu hiyohiyo ya biashara. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kutengeneza nafaka kwa mtindo wa vipande vyembamba ilitolewa kwa John Harvey mwaka 1896, lakini ni mdogo wake, Will Keith, aliyeona kwamba watu wasio wagonjwa ni wengi kuliko wagonjwa. Mwaka 1906 Will alianzisha kampuni yake ya vipande vya mahindi, akavitia sukari ambayo kaka yake aliichukia, na ndugu hao wakapelekana mahakamani kwa miaka mingi kuhusu nani ana haki ya kulitumia jina la ukoo, hadi mdogo aliposhinda mwaka 1920. Biskuti zinazoitwa kwa jina la Graham zilipata hatima inayofanana na hiyo, kwa kuwa zile zinazouzwa leo Marekani kwa kawaida hutengenezwa kwa unga uliokobolewa na sukari, na watoto hupenda kuzila pamoja na chokoleti. Hakuna mwandishi wa tashtiti aliyeweza kuwabeza waasisi hao kwa ukali kama walivyobezwa na rafu za maduka.

Battle Creek ilimkaribisha pia Horace Fletcher, mfanyabiashara aliyezaliwa mwaka 1849, ambaye tofauti na wengine hakukataza chakula chochote bali alidai kwamba tatizo la binadamu ni kumeza mapema. Kanuni yake ilikuwa kutafuna kila tonge hadi ligeuke maji na kujimeza lenyewe, na katika sanatoriamu wageni walifundishwa wimbo wa kutafuna ili wasisahau mwendo. Wenyeji waliowaalika wafuasi wake walilalamika kwamba mezani hapakuwa tena na mazungumzo, jambo ambalo linatosha kueleza kwa nini mtindo huo haukudumu baada ya kifo cha Fletcher mwaka 1919.

London ilikuwa na mfumo wake. Chama cha Walaji Mboga kilianzishwa Ramsgate mwaka 1847, na jarida la vichekesho la *Punch* lilipata humo chanzo cha kudumu cha michoro ya wanaume wenye sura za karoti na kabichi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 mikahawa ya walaji mboga iliongezeka katikati ya jiji, na mmoja wa wateja wake kati ya 1888 na 1891 alikuwa mwanafunzi wa sheria kutoka India, Mohandas Gandhi, ambaye aliukuta mkahawa wa namna hiyo katika mtaa wa Farringdon baada ya wiki nyingi za njaa aliyoivumilia ili kutimiza nadhiri aliyompa mama yake. Kisa chake kinafaa kukumbukwa na msomaji wa historia ya dhihaka, kwa kuwa kinaonyesha kwamba mlaji mboga aliyechekwa na London kama mtu wa ajabu alikuwa, kwa mamilioni ya watu kwingineko, mlaji wa kawaida tu.

Mkahawa uliochekwa kuliko yote ulifunguliwa mwaka 1906 karibu na Charing Cross na Eustace Miles, mchezaji aliyekuja kupata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1908 katika tenisi ya ukumbini ya mtindo wa kale. Miles aliuza pia unga wa protini wa kuchanganywa katika chakula, na wateja wake walijumuisha wanawake waliokuwa wakipigania haki ya kura. E. M. Forster, katika riwaya ya *Howards End* ya mwaka 1910, alimfanya mwanamke msomi aahidi kumwalika huko mfanyabiashara mla nyama, ili tofauti ya tabaka na fikra ionekane sahanini. H. G. Wells, katika *Ann Veronica* ya mwaka 1909, alichora wanandoa wanaokula matunda na kuzungumza kuhusu maisha ya juu, na G. K. Chesterton, katika *The Flying Inn* ya mwaka 1914, alimweka mtawala anayenyang'anya watu pombe na kutamani kuwanyang'anya nyama pia. Hofu ya Chesterton haikuwa juu ya mboga. Ilikuwa juu ya tajiri anayemfundisha maskini namna ya kula.

Hata hivyo, aliyeielewa biashara hiyo kwa kina ni Hector Hugh Munro, aliyeandika kwa jina la Saki. Katika hadithi yake kuhusu Filboid Studge, iliyomo katika mkusanyiko wa mwaka 1911, nafaka ya asubuhi isiyouzika inabadilishwa jina na kutangazwa kwa bango lisilo na sifa hata moja ya ladha, linaloonyesha watu waliohukumiwa motoni wakinyoosha mikono kuelekea bakuli wasilolifikia. Mauzo yanapaa, kwa sababu watu ambao wasingekila chakula hicho kwa raha wanakila kwa wajibu, na akina mama wanawalisha familia wakiamini kwamba ubaya wa ladha ndio uthibitisho wa manufaa. Saki aliona jambo ambalo Graham aliliamini kwa moyo safi na Post aliligeuza kuwa fedha, yaani kwamba katika jamii iliyozoea mahubiri ya dhambi na toba, chakula kisicho kitamu kinaweza kununuliwa kama kafara.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikatisha kicheko hicho, kwa kuwa uhaba uliirudisha sababu kongwe ya chakula mbadala. Nchini Ujerumani, ambako majira ya baridi ya 1916 na 1917 yalikumbukwa kwa jina la turnipu, mizizi iliyokuwa chakula cha mifugo, Konrad Adenauer, kiongozi wa jiji la Cologne ambaye baadaye alikuwa Kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, alibuni soseji ya soya ili kuwalisha wakazi wake. Sheria ya nchi yake haikuitambua kuwa soseji kwa kuwa haikuwa na nyama, na hataza aliipata mwaka 1918 kutoka Uingereza, nchi iliyokuwa ikipigana na yake. Wenye njaa waliilalamikia ladha yake, lakini hawakumwita Adenauer mlaghai, kwa kuwa hakuwaahidi zaidi ya kushiba.

Sura ya mwisho ya historia ya pumba iliandikwa kwa sehemu katika Afrika Mashariki. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 na kujulikana kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake, pamoja na daktari Hugh Trowell, aliyehudumu Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, waliona kwamba maradhi mengi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa nadra kwa watu wa vijijini waliowatibu. Katika kitabu walichohariri pamoja mwaka 1975 walihusisha tofauti hiyo na unga uliokobolewa na upungufu wa nyuzinyuzi, ambazo pia huitwa makapi-mlo, yaani sehemu ya mmea inayopita tumboni bila kuyeyushwa. Wakulima wa Uganda waliokula viazi vitamu, maharage, mahindi na matoke hawakuwa wafuasi wa mtu yeyote, hawakutafuna kwa wimbo wala kuchukia viungo kwa kanuni, na chakula chao hakikuwa mbadala wa kitu. Nadharia ya Burkitt nayo ilipata wauzaji wake, na katika muongo uliofuata maboksi ya nafaka yalinadi pumba kwa bidii ambayo Post angeitambua, ilhali katika miji ya Afrika Mashariki sembe nyeupe ilikuwa imekwisha kupewa heshima kuliko dona.

Kwa kuzingatia karne hiyo na nusu, inaonekana kwamba dhihaka ilifanya kazi ambayo sayansi ya wakati huo haikuweza kuifanya. Kabla ya kuwepo kwa vipimo vya kuthibitisha au kukanusha madai ya Morison, Kellogg na Post, kibonzo na hadithi vilimpa msomaji njia ya kutilia shaka ahadi iliyozidi kiasi, na shaka hiyo mara nyingi ilistahili. Lakini dhihaka haina mizani ya kutenganisha mhubiri na mkate wake, na kwa kumcheka Graham watu walizicheka pumba, ambazo zilikuwa sehemu ya mafundisho yake iliyokuja kupata ushahidi, wakati kelele za waoka mikate wa Boston zilikuwa za watu wanaolinda soko. Umri nao haukumpa ushindi mtu yeyote, kwa kuwa Kellogg aliishi miaka 91 na George Bernard Shaw, mlaji mboga aliyekuwa bingwa wa kuwacheka wengine, aliishi miaka 94. Mwanahistoria anayesoma leo matangazo ya nyama ya mimea na maziwa yasiyotoka kwa ng'ombe anaweza kutumia kipimo kilekile walichokitumia Grant, Alcott na Saki, yaani kuuliza ni nani anayetoa ahadi, ni nani anayefanya kazi ya kukipika na ni nani anayepokea fedha, kisha akakiacha chakula chenyewe kihukumiwe na ulimi na tumbo la mlaji.